Leo Kanner na mtoto aliyehesabu mistari ya mahindi

Msikilizaji, usonji tunautaja mara nyingi redioni. Mmoja wa madaktari wa kwanza kuueleza ni Leo Kanner, aliyezaliwa mwaka 1894, akasomea udaktari Berlin na kuhamia Marekani mwaka 1924.

Mwaka 1943, akiwa Baltimore, aliandika habari za watoto 11 waliopata shida kuzungumza na kuchangamana na wenzao. Mmoja alikuwa amepelekwa kwenye kituo akiwa na miaka kama 4. Huko alinyong'onyea, hata kucheza hataki, mpaka wazazi wakamrudisha nyumbani. Alipofika miaka 9 wakamweka kwa mkulima na mkewe. Mtoto alipenda mno kuhesabu. Mkulima hakumkataza, alimwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima kwa plau ya farasi. Kanner alikwenda kumwona shambani, akastaajabu jinsi alivyomgeuza farasi. Ukubwani aliajiriwa benki.

Ni kweli, wazazi wale walikuwa na uwezo. Lakini aliyemfundisha kazi alikuwa mkulima, si mtaalamu. Kanner alipowafuatilia watoto wale tena, mwaka 1971, aliona kuwa walioachwa hospitali za serikali miaka mingi walikuwa wamepoteza hata kidogo walichokuwa nacho.

Kanner naye aliwaumiza wengi alipoandika kuwa wazazi hao hawakuwa na upendo. Akina mama walibeba lawama hiyo miaka mingi. Mwaka 1969 aliwaondolea lawama hadharani, mbele ya wazazi wenyewe. Alifariki mwaka 1981.