Wangari Maathai na Mkuyu wa Ihithe



Katika vijiji vya Pande, kama kwingineko katika pwani ya Kilwa, mtoto huanza kusomeshwa habari za miti kabla hajajua kusoma. Mwalimu wake ni mama au bibi, na darasa ni njia ya kuni au ya kisima. Akiisha kuandikishwa shule, elimu hiyo huachwa mlangoni kana kwamba si elimu. Nikiwaza jambo hilo humkumbuka Profesa Wangari Maathai wa Kenya, Mkatoliki aliyejulikana duniani kote, ambaye kazi yake yote ilichipuka katika yale aliyofunzwa na mama yake.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na nyumbani kwao palisimama mugumo, yaani mkuyu mkubwa ambao Wakikuyu waliuheshimu. Mama yake alimkataza kuokota hata kijiti kikavu chini yake, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Jirani na mti huo palikuwa na kijito alikotumwa maji. Humo aliona mayai ya vyura yamejipanga kama ushanga, akajaribu kuyainua ayavae shingoni, nayo yakamponyoka vidoleni. Siku nyingine alikuta viluwiluwi mahali pale pale. Hakuna aliyemweleza uhusiano wa mti na maji; aliambiwa tu asiuguse.

Huenda asingesoma kabisa, kwa kuwa wasichana wengi wa wakati ule walibaki nyumbani. Kaka yake Nderitu ndiye aliyeuliza kwa nini Wangari haendi shule, na mama akakubali. Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa bweni la Mtakatifu Sesilia, Misioni ya Mathari, chini ya masista wa Konsolata, na huko akawa Mkatoliki. Kutoka hapo alikwenda Loreto, Limuru, na mwaka 1960 akasafiri hadi Kansas, Marekani, katika chuo cha masista Wabenediktini, akasomea biolojia. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na ya Kati.

Aliporudi kutoka Marekani aliukuta mkuyu wa utotoni umekatwa. Mwenye shamba mpya aliona unamzuia kupanda chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka. Sasa sayansi ilimfunulia alichokuwa akilinda mama yake: mizizi ya mkuyu hupenya mwamba na kuyapandisha maji ya chini, na mahali pengi chemchemi hufuatana na mti wa namna hiyo.

Hapa sisi tuliotumwa kufundisha dini tunaguswa. Katika nchi zile watu waliambiwa kwamba Mungu hakai mlimani wala mtini, na hilo ni fundisho sahihi. Lakini katazo lilipoondolewa, halikuwekwa neno jingine mahali pake, na shoka likapata ruhusa. Nami sina haki ya kuwanyoshea kidole wazee wa zamani. Niliwahi kuruhusu mti wenye kivuli ukatwe kwenye uwanja wa kanisa ili magari yapate nafasi, na watoto wa katekisimu wakahamia juani.

Mnamo tarehe 5 Juni 1977, Wangari na wanawake wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Maafisa wa misitu walikuwa na shaka kama wanawake wa vijijini wangeweza kazi ya kitaalamu. Wao wakaotesha miche katika vyungu vilivyovunjika, wakamwagilia kwa makopo yaliyotobolewa, na kila mche uliopona ulilipiwa fedha kidogo. Viwanja vya shule navyo vikapandwa, watoto wakishika miche kwa mikono yao. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Katikati ya miaka hiyo alipigwa, akafungwa, akatukanwa kwa kuitetea bustani ya Uhuru na msitu wa Karura.

Watoto wa Pande, wa Kikristo na wa Kiislamu, hukaa dawati moja. Mikoko ya pwani na mipingo ya bara haiulizi dini ya mtu, na mpingo huchukua miongo mingi kukomaa. Anayeukuta mche leo ndiye atakayeamua kama mjukuu wake atauona mti.

Wangari alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameagiza asilazwe katika jeneza la mbao. Wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji.