Apolo Kivebulaya: Mtu wa Maombi Aliyevuka Mlima



Tulikuwa Bwera, wilaya ya Kasese, katika semina ya maombi pamoja na watumishi wenzetu wa pande zile. Wengi wetu tunapafahamu Bwera. Ni pale karibu, kwenye mpaka wa Mpondwe, tulipokanyaga Uganda mara ya kwanza, wengine na godoro kichwani, wengine na mtoto mgongoni na bila kitu kingine chochote.

Siku ya mwisho mama mmoja mkimbizi alisimama kuuliza swali. Alisema kwamba katika kijiji chao walifunga na kuomba siku tatu ili Mungu awalinde. Usiku wa tatu adui waliingia, na mume wake hakutoka. Je, Mungu hakusikia? Au imani yao ilikuwa ndogo? Sisi wachungaji tuliangaliana. Mmoja alisoma andiko, mwingine akaomba, lakini tunakiri kwamba hatukumjibu vizuri. Tuliporudi kwa gari kuelekea Kasese mjini, Rwenzori ukiwa upande wetu wa kushoto, tulimkumbuka mtu mmoja aliyevuka mlima huo kwa miguu zaidi ya miaka 120 iliyopita. Maisha yake yanamjibu yule mama kuliko sisi tulivyoweza.

KUZALIWA NA KUOKOKA KWAKE

Apolo alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alizaliwa pacha, ndiyo maana wazazi walimwita Waswa. Alikua katika miaka ya fujo kubwa. Vita vya dini vilipotokea Buganda, alijikuta askari kama vijana wengi, na kwa muda alifuatana na upande wa Waislamu. Pombe na bangi alivijua. Lakini alikuwa amesikia pia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay, na neno lile halikumtoka moyoni. Baadaye alikwenda Toro mara ya kwanza pamoja na jeshi la Kapteni Lugard, akiwa na bunduki.

Aliporudi alianza kusoma Injili kwa bidii, akabatizwa Januari 1895. Jina la Apolo ni la yule mhubiri hodari wa Matendo ya Mitume sura ya 18. Jina Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, watu walimpa kwa sababu ya koti la kijeshi alilopenda kuvaa.

Tuone jambo moja hapa. Apolo hakuokoka kwa sababu alikuwa mtu safi. Alitoka vitani na katika ulevi. Hakuwa na kitu cha kumpa Mungu ili apokelewe. Alikuja mikono mitupu, akamkuta Kristo ambaye alikuwa amekwisha kulipa yote msalabani. Mwaka ule ule alirudi Toro, safari hii bila bunduki, akiwa mwalimu wa Neno.

JEMBE NA SALA

Ng'ambo ya Rwenzori, kupita mto Semliki, kuna Boga, ambayo leo iko Ituri katika Kongo. Mtemi wake aliitwa Tabaro. Walimu wawili kutoka Buganda walitangulia kufika kule, lakini Tabaro alikataza watu wasiwape chakula, na njaa ikawarudisha. Apolo alijitolea kwenda badala yao mwishoni mwa mwaka 1896. Alivuka kwa upande wa kaskazini wa mlima, kutoka Kabarole.

Kabla ya kuondoka alijipatia jembe. Alijua kwamba wenzake walishindwa na njaa, basi akaamua kulima mwenyewe. Wapendwa, hili tulishike. Mtu huyu alikuwa wa maombi kweli, lakini hakukaa chini akingojea chakula kishuke kutoka mbinguni. Sisi tuliopewa kipande kidogo cha shamba hapa kambini, tulime tukiomba na tuombe tukilima.

Tabaro hakumpenda. Mafundisho yake yaligusa pombe, wake wengi na mizimu. Apolo alipigwa na kuteswa. Kisha mwaka 1898 ikatokea ajali mbaya. Katika kazi ya kujenga, dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki wa Apolo uliokuwa umeachwa kati ya majani, akafa. Apolo alishtakiwa kwamba ni mwuaji. Walimfunga, wakampeleka Kabarole, akatiwa gerezani.

Fikirini hali yake. Alikuwa amekwenda kwa ajili ya Injili, ameomba, ametii, na mwisho wake ni gereza kwa kosa ambalo hakulikusudia. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza lile swali la mama wa Bwera, ni yeye.

Akiwa katika kifungo kile alimwona Kristo katika maono, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Mlango wa gereza haukufunguka usiku ule. Minyororo haikuanguka kama ile ya Petro. Alichopewa kwanza ni Bwana mwenyewe. Kufunguliwa kulikuja baadaye, alipoonekana hana hatia.

TABARO ANAOMBA UBATIZO

Alipotoka, Apolo angeweza kubaki Toro, mahali penye Wakristo wengi na mfalme Kasagama aliyekuwa amebatizwa kwa jina la Daudi. Lakini alirudi Boga kwa watu wale wale waliomshtaki. Jambo hilo lilimshangaza Tabaro. Yule mtemi aliyekataza chakula, aliyempiga mtumishi wa Mungu, mwisho aliomba ubatizo, akaitwa Paulo. Jina lilimfaa kabisa.

Ndugu, kama wokovu ungekuwa mshahara wa matendo, Tabaro angepata nini? Lakini Waefeso 2:8-9 inatufundisha kwamba ni kwa neema, si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Mlango aliopita Apolo mlevi wa zamani, ndio huo huo aliopita Tabaro mtesaji. Hakuna mlango wa wachungaji na mwingine wa watesaji. Hili ni gumu kwetu sisi tunaojua majina ya waliochoma nyumba zetu. Hata hivyo ndiyo Injili, na hatuwezi kuikata nusu ile inayotupendeza tu.

MSITU NA MPAKA

Apolo aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903 na Askofu Alfred Tucker. Alitumika miaka mingi Toro. Kwa mapatano ya mwaka 1910 Wazungu walichora mpaka upya, na Boga ikahesabiwa kuwa Kongo ya Wabelgiji. Waamini aliowalea wakajikuta katika nchi nyingine bila kuhama nyumba zao. Apolo aliwafuata, akahamia ng'ambo, na huko akamaliza maisha yake.

Mwaka 1921, umri ukiwa umekwenda, alipata maono mengine ya kumwita aingie msituni kwa Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau na kuwaona si watu kamili. Alikaa nao, akajifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa ili waisikie kwa maneno yao wenyewe. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Hakuoa, na mali hakuacha.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi ya kwao, kuonyesha kwamba Injili bado ina safari. Nayo ilisafiri. Boga ikawa dayosisi mwaka 1972, na mwaka 1992 kanisa la Anglikana katika nchi yetu likawa jimbo kamili.

TUNAJIFUNZA NINI?

Hatutaki kudanganya mtu. Boga ile ile imelia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, mara tu baada ya siku ya ukumbusho wa Apolo, watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi. Na Juni 2023 wanafunzi waliuawa katika shule ya sekondari pale Mpondwe, karibu na mahali tulipofanya semina. Katika watu hao walikuwamo waombaji.

Basi tumwambie nini yule mama?

Kwanza, mume wako hakufa kwa sababu uliomba vibaya. Bwana Yesu mwenyewe aliomba Gethsemane kikombe kimwondokee, akakinywa. Nani atasema imani yake ilikuwa ndogo?

Pili, maombi si pesa ya kumnunua Mungu. Wapo wanaopita kambini wakifundisha kwamba ukitoa sadaka ya mbegu na kufunga siku kadhaa, jina lako litatoka kwenye orodha ya kwenda Marekani au Canada. Tusiwasikilize. Kuomba safari si dhambi, nasi tunawaombea wanaongojea. Lakini Baba hauzi majibu.

Tatu, wokovu wetu hautegemei nguvu ya maombi yetu. Unategemea Kristo aliyekufa na kufufuka. Siku ile ambayo hatuna nguvu ya kuomba hata neno moja, tunabaki wake, naye anatuombea. Someni Warumi 8:26 na 34.

Tulipopata nafasi tulimtafuta yule mama kwa simu, tukamsimulia habari za Apolo gerezani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha alituomba tusali naye, na akaanza yeye mwenyewe, kwa Kinande. Alimwambia Mungu uchungu wake wote bila kuficha, na akamshukuru kwa kumfikisha yeye na watoto.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, tutakutana wote tuwaombee wajane na yatima wa kanisa letu. Mwenye mahindi au maharage kidogo ya kuwasaidia, ayalete.

TUOMBE: Ee Bwana Yesu, uliyemtembelea mtumishi wako Apolo kifungoni, ututembelee na sisi kambini. Utupe amani katika nchi yetu. Na kabla amani hiyo haijafika, utupe wewe mwenyewe. Amina.

Mungu awabariki.