Virchand Gandhi na Dini Iliyovuka Bahari

Jina la Gandhi linapotajwa, wengi wetu humkumbuka Mohandas Karamchand, yule aliyepambana na utawala wa Waingereza bila silaha. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu askari na polisi habari za Gandhi mwingine, Virchand Raghavji, aliyezaliwa miaka 5 kabla ya Mohandas na kuwa rafiki yake mjini Bombay, siku zile Mohandas alipokuwa wakili mchanga asiyepata kesi. Hawakuwa ndugu, kwani jina hilo ni la kawaida huko Gujarat. Mohandas alikuwa Mhindu; Virchand alikuwa Mjaini.

Dini ya Wajaini ni ya kale sana katika Bara Hindi, na amri yake ya kwanza ni kutodhuru kiumbe chochote chenye uhai, hata mdudu apitaye njiani. Twajua askari atauliza mara moja: je, mtu wa dini hiyo anaweza kushika silaha? Mtawa hawezi kabisa. Lakini muumini wa kawaida ana nadhiri nyepesi kuliko za mtawa, wala kujilinda hakukukatazwa kwake. Vimala, aliyejenga hekalu mashuhuri la marumaru katika mlima Abu mwaka 1031, alikuwa jemadari wa mfalme wa Gujarat. Tofauti hii baina ya mtawa na muumini wa kawaida msomaji aishike vema, maana bila hiyo hataelewa kwa nini Virchand alisafiri.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1864 katika mji wa Mahuva, akasoma Bhavnagar, kisha katika Chuo cha Elphinstone, Bombay, alikohitimu mwaka 1884. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alifanywa katibu wa jumuiya ya Wajaini wa India. Kazi ilimngoja. Mtawala wa Palitana alikuwa akitoza kodi kila hujaji aliyepanda mlima Shatrunjaya, mlima wenye mamia ya mahekalu, na ugomvi ulikuwa umekua hata ikahofiwa damu itamwagika. Virchand alikwenda kwa wakuu wa Kiingereza, akiwa na hoja na karatasi, na mwaka 1886 yakafikiwa mapatano: Wajaini walipe rupia 15,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka 40, na hujaji asisumbuliwe njiani. Baadaye Mwingereza mmoja alifungua kiwanda cha mafuta ya nguruwe karibu na mlima Parasnath, mahali patakatifu kupita pote kwa Wajaini. Virchand akaenda Calcutta, akajifunza Kibengali ili asome mwenyewe hati za kesi, na kiwanda kikafungwa.

Mwaka 1893 ulifika mwaliko kutoka Marekani. Mjini Chicago kulikuwa na Maonyesho ya Dunia, na pamoja nayo Baraza la Dini za Ulimwengu. Aliyealikwa alikuwa mtawa mkuu, Acharya Vijayanandsuri, aliyejulikana pia kwa jina la Atmaramji. Lakini mtawa wa Kijaini husafiri kwa miguu yake tu. Hapandi gari, sembuse meli. Atmaramji alichagua basi muumini wa kawaida, akamfundisha, akamtuma badala yake. Mwezi Septemba Virchand alisimama mbele ya baraza lile, kilemba cha Kikathiawar kichwani, akaeleza imani ambayo wengi waliokuwapo hawakuwa wameisikia. Mhubiri mmoja alipoyakashifu mahekalu ya Wahindu, Virchand ndiye aliyesimama kujibu, ingawa dini iliyoshambuliwa haikuwa yake. Jambo hilo sisi twalihesabu kuwa kubwa kuliko hotuba zake zote.

Alikaa Marekani karibu miaka 2, akifundisha mji kwa mji, na hakuonja nyama. Hata hivyo aliporudi nyumbani mwaka 1895, baadhi ya Wajaini walitaka atengwe na jamaa yao kwa kosa la kuvuka bahari! Atmaramji alimtetea, naye akasafiri tena mwaka 1896. Mwaka huo njaa iliingia India, na kutoka Marekani aliwachangishia watu wake meli moja ya nafaka na rupia zipatazo 40,000. Mjini London alimfundisha Mwingereza Herbert Warren, ambaye aliacha nyama, akashika nadhiri za muumini wa Kijaini na baadaye kuandika kitabu juu ya dini hiyo. Safari zilimchosha mapema. Aliaga dunia tarehe 7 Agosti 1901, siku 18 kabla ya kutimiza miaka 37.

Hakuacha hekalu hata moja ng'ambo. Mwaka 1904, katika maonyesho ya St. Louis, India ilipeleka jengo la mbao lililochongwa kwa mfano wa hekalu la Palitana. Baada ya maonyesho jengo hilo lilihamishwa, hata likaishia Las Vegas katika hoteli ya wacheza kamari, mpaka Wajaini wa California walipolichukua katika miaka ya 1980.

Tusishangae kwamba mahekalu ya kweli yalichelewa. Sanamu ya Kijaini ikishawekwa wakfu haiachwi hata siku moja bila ibada. Ni lindo lisilo na likizo. Jamaa isiyo na hakika ya kukaa mahali haijitwishi mzigo huo. Wajaini wa ukoo wa Oshwal, kutoka vijiji vya Jamnagar, walianza kufika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miaka mingi waliomba majumbani, wakifunga siku 8 za Paryushana bila mtawa wa kuwahubiria, baba akiwasomea watoto wake. Hekalu lao la marumaru nyeupe mjini Mombasa lilifunguliwa mwaka 1963, mwaka uleule wa uhuru wa Kenya, wakati Wahindi wengine walikuwa wakifunga mizigo yao.

Hata watawa baadaye walilegeza kidogo. Mwaka 1980 Acharya Tulsi alianzisha daraja jipya la watawa wanaoruhusiwa kupanda ndege na kuwafuata waumini ng'ambo, jambo ambalo Atmaramji hakuweza kulifanya. Na mwaka 1993, miaka 100 kamili baada ya baraza lile, Wajaini wa Chicago walifungua hekalu lao katika mji mdogo wa Bartlett. Hapo imesimamishwa sanamu ya Virchand Gandhi.