Mohamed Amin: Mpiga Picha na Somo la Kutazama

Zana za kufundishia zinapotajwa, wengi wetu hufikiria chati, ramani na vitu halisi. Picha nayo ni zana, ila huhitaji mwalimu ajuaye kutazama. Kwa sababu hiyo tumechagua kueleza kwa muhtasari maisha ya Mohamed Amin, mpiga picha za habari na za filamu wa Afrika Mashariki.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akakulia Dar es Salaam. Alianza kupiga picha angali mwanafunzi, kwa kamera kuukuu. Mwaka 1963 alianzisha huko shirika lake, Camerapix, ambalo baadaye alilihamishia Nairobi. Mwaka 1964 alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka 1966 alitiwa gerezani huko huko. Tom Mboya alipouawa Nairobi, Julai 1969, kamera ya Amin ilifika mapema.

Kazi iliyomtangaza duniani ni ile ya Oktoba 1984. Yeye na Michael Buerk, mtangazaji wa BBC, walifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ambako maelfu ya watu waliokimbia njaa walikuwa wamekusanyika. Televisheni za nchi nyingi zilionyesha picha hizo, michango ikamiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia.

Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto, ukamuua fundi sauti wake, John Mathai. Amin alivaa mkono wa bandia akarejea kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege aliyosafiria kutoka Addis Ababa ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walikufa, naye akiwamo.

Je, mwalimu atajifunza nini hapa? Picha za Korem zilionyesha njaa. Hazikuonyesha vita na siasa vilivyozuia chakula kuwafikia wenye njaa. Jambo hilo si geni kwetu huku Msalato. Wazee wa Ugogo wamesimuliana habari za Mtunya, njaa kuu iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi. Ukame peke yake hauielezi njaa ile.

Basi, mwalimu atumiapo picha ya namna hiyo, awaongoze wanafunzi kwa hatua tatu. Kwanza, wataje wanachokiona, bila kukisia. Pili, watafute kisichoonekana: nani alikuwa na chakula, na kwa nini hakikufika? Tatu, wakawaulize wazee nyumbani, kisha walinganishe majibu darasani. Katika hatua zote mwalimu akataze kicheko, kwa maana aliye pichani ni mtu mwenye jina na jamaa zake.