Fudhayl bin Iyadh: Mnyang'anyi Aliyekuwa Imamu

Wengi katika sisi husema kwa ulimi kuwa mlango wa toba u wazi, kisha kwa vitendo tukaufunga. Akiingia msikitini mtu aliyejulikana kwa wizi, hutazama viatu vyetu kwanza kabla ya kumwitikia salamu. Khabari za Fudhayl bin Iyadh, Mwenyezi Mungu amrehemu, zatufaa sana katika jambo hili.

Fudhayl alikulia Abiward, katika nchi ya Khurasan, karne ya 2 ya Hijra. Wanachuoni wa tarekhe wamepokea kuwa katika ujana wake alikuwa mnyang'anyi, akivizia misafara baina ya Abiward na Sarakhs, hata jina lake likawa tisho kwa wasafiri. Usiku mmoja alikuwa akipanda ukuta kumwendea msichana aliyempenda, mara akasikia ikisomwa aya ya Suratul Hadid yenye kuwauliza waumini juu ya wakati wa nyoyo zao kunyenyekea. Akaona kuwa aulizwaye ni yeye. Akateremka.

Akaenda kulala katika gofu moja, kumbe humo mna wasafiri wakishauriana. Baadhi yao walitaka kuondoka usiku ule ule; wengine wakawazuia mpaka kupambazuke, kwa kuwa Fudhayl yuko njiani. Hawakujua ya kuwa anawasikia. Kuona Waislamu wanakosa usingizi kwa ajili yake kulimchoma moyo, akatubu, akanuia kuwa toba yake iwe ni kukaa jirani na Nyumba Takatifu ya Makka.

Lau khabari zake zingekomea hapo, mtu angeweza kusema kuwa majuto ya usiku hukauka kwa jua la asubuhi. Lakini Fudhayl alifika mji wa Kufa hali ni mtu mzima, akakaa chini mbele ya Mansur bin al-Mu'tamir na al-A'mash kujifunza Hadithi. Kisha akahamia Makka, akadumu huko katika ibada mpaka alipofariki mwaka 187 wa Hijra, nao ni mwaka 803 wa Miladi. Mansur alifariki mwaka 132. Basi tangu Fudhayl alipokuwa mwanafunzi wake hata mwisho wa umri wake haipungui miaka 55 ya Hijra. Huo si msisimko wa usiku mmoja.

Imepokewa pia kuwa Khalifa Harun al-Rashid alimwendea usiku kutaka mawaidha. Fudhayl akamwonya juu ya hisabu ya raia zake mpaka Khalifa akalia. Alipopewa dinari 1,000 alikataa kuzipokea. Mkono uliokuwa ukinyakua mali za watu kwa nguvu sasa ulirudisha mali uliyopewa kwa heshima.

Na iliyo kubwa zaidi ni hukumu ya wanachuoni wa Hadithi. Hao walikuwa mabingwa wa kuchungua watu. Mtu akijulikana kwa uwongo, riwaya yake hutupwa. Juu ya hayo walimhisabu Fudhayl kuwa ni mwaminifu. Ibn al-Mubarak na Imamu Shafi walipokea kwake, na Hadithi alizozipokea zimo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Walimpima kwa mwendo wake aliokuwa nao, wala hawakumfunga kwa ule alioutupa.

Ndugu msomaji, toba ina masharti yake: kuliacha dhambi, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kurudisha haki za watu kwa wenyewe. Anayetaka kuaminiwa na ayatimize, asubiri, kwani imani ya watu haijengwi kwa siku moja. Wala hatusemi kuwa mwenye kutubu jana akabidhiwe leo sanduku la msikiti. Lakini salamu yake ni haki yake, na nafasi katika safu, na kikao katika darsa, na kazi ya halali ya kumkimu. Lau walimu wa Kufa wangalimfukuza Fudhayl mlangoni kwa ajili ya ujana wake, wangalimrudisha kwenye njia ya Sarakhs, na sisi tungalikosa imamu.