August Derleth, aliyeokoa hadithi za rafiki yake

Leo tunamkumbuka August Derleth, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1909 katika mji mdogo wa Sauk City, jimbo la Wisconsin.

Tangu ujanani aliandikiana barua na H. P. Lovecraft, mtunzi wa hadithi za kutisha na za maajabu. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Lovecraft alifariki maskini mwaka 1937. Hadithi zake nyingi zilikuwa zimetoka kwenye majarida ya bei rahisi, yale ambayo watu husoma na kutupa. Bila kitabu, zingepotea.

Derleth na mwenzake Donald Wandrei walizipeleka kwa wachapishaji wakubwa, wakakataliwa. Mwaka 1939 wakaanzisha kampuni yao, Arkham House. Derleth alikuwa amekopa benki ajenge nyumba. Sehemu ya fedha hizo akamlipa mpiga chapa. Zilitoka nakala 1,268 tu, na zilichukua miaka kadhaa kwisha.

Hata hivyo hakuacha. Aliendelea kutoa vitabu vya aina hiyo kwa nakala chache chache, na mwaka 1947 akatoa kitabu cha kwanza cha Ray Bradbury, ambaye baadaye alipata sifa kubwa.

Derleth alifariki mwaka 1971. Leo nakala zile za 1939 zinauzwa ghali sana, na Lovecraft anasomwa katika lugha nyingi.

Msikilizaji, hata kwetu wapo wazee wenye hadithi ambazo hazijaandikwa popote. Tuanze na daftari moja.