Samuel Johnson na Maneno Madogo

Samuel Johnson alizaliwa mwaka wa 1709 katika mji wa Lichfield, Uingereza. Baba yake alikuwa muuza vitabu, lakini fedha hazikutosha. Hivyo kijana akauacha mji wa Oxford kabla ya kumaliza masomo yake. Tena macho yake yalikuwa mabovu tangu utoto.

Mwaka wa 1746 alipatana na wauza vitabu wa London kuandika kamusi ya Kiingereza. Aliona ya kuwa wageni hushindwa hasa na maneno madogo yanayofuata neno la kutenda. Maana “give” ni kutoa, bali “give over” ni kukoma. “Fall” ni kuanguka, bali “fall on” ni kushambulia. Mtu aweza kulijua kila neno peke yake, asijue maana yakiisha kuungana. Basi Johnson akayakusanya mengi ya namna hiyo, akayaeleza moja moja.

Mwaka wa 1752 mkewe akafa. Alihuzunika mno, lakini kazi hakuiacha. Kamusi ikatoka mwaka wa 1755, yenye maneno zaidi ya 40,000.

Johnson alikufa mwaka wa 1784. Hata leo mwenye kujifunza Kiingereza hujikwaa pale pale alipopaonyesha.